Jezi Ambayo Sikuifumua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa timu, Ndugu Meneja, Ndugu wadhamini wetu, makocha, wachezaji wa leo na wa jana, wazazi wenzangu, na ninyi mashabiki mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vya mbele vimekaliwa na watu wasiojua hata mchezo wenyewe unachezwaje: nawasalimu nyote.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepewa karatasi hii niisome kwa dakika mbili. Imeandikwa kwamba nahodha wetu "anastaafu kwa hiari yake ili kupisha damu changa." Karatasi nzuri, imepigwa chapa vizuri. Naiweka hapa mezani, niseme ninayoyajua.

Miaka minane iliyopita timu hii ilikuwa vijana watano na kompyuta tatu katika chumba cha nyuma cha fundi simu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Walicheza michezo ya kompyuta kwa zamu, wakipiga kelele mpaka cherehani yangu mwenyewe siisikii. Walipoalikwa kwenye mashindano yao ya kwanza, walikuja na jezi tano nyeupe, wakaniomba niwashonee mgongoni majina yao ya kuchezea. Namba moja nikamshonea binti mmoja, ndiye nahodha wetu huyu, jina la Tulia, maana wenzake wakipandwa na presha katikati ya mchezo, yeye husema neno hilo moja tu kwenye hedifoni, na kweli wanatulia.

Kikosi hubadilika, nalijua hilo. Wa kwanza kuondoka alikuwa Mshale, namba nne, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Jezi aliileta mwenyewe, akashika kitambaa huku mimi nafumua herufi zake, tukacheka, tukalia kidogo, akaenda zake. Hivyo ndivyo mtu anavyoagana na watu. Je, aliyemfuata aliagwa hivyo? Huyo ni Radi, aliyetuletea kombe la kwanza. Alijua ameachwa alipoiona picha ya mrithi wake kwenye simu, akiwa kwenye foleni ya kinyozi. Jezi nililetewa na dereva: "Mama fundi, toa hili, weka hili." Nikatoa, nikaweka. Leo namba nne imebeba majina saba, maana hapa jezi hutunzwa kuliko mtu. Ukiiinua kwenye mwanga, mgongo wake ni chujio. Na kila tundu lile nimelitoboa mimi, nikanyamaza.

Jumanne iliyopita dereva akaniletea namba moja. Nikampigia Meneja, akaniambia kwamba vidole vya Tulia vimezeeka. Miaka ishirini na sita, jamani! Mimi nina hamsini na nane, natunga uzi kwenye sindano bila miwani, halafu niambiwe vidole vya mtoto yule vimezeeka? Nikamuuliza kama mwenyewe ameshaambiwa. Akasema kila jambo na wakati wake.

Alhamisi Tulia akaingia dukani kwangu. "Mama, jezi yangu haipo kabatini. Iko kwako?"

Ilikuwa juu ya cherehani, chini ya kiganja changu, na karatasi ya jina jipya imebanwa juu yake kwa pini. Nikaifunika kwa kitambaa cha pazia, nikamjibu kwamba mshono wa kwapa umeachia, naurekebisha. Akanishukuru. Ndugu zangu, alinishukuru! Sijawahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe. Kesho yake akaitwa ofisini, akakuta barua ya kustaafu imeshaandikwa, akaambiwa atie saini. Hiyo ndiyo hiari mnayompigia makofi. Mtu aliyecheza fainali na bandeji mkononi, aliyewapa makombe manne! Kweli asante ya punda ni mateke.

Namwona Meneja ananionyesha saa. Mwenyekiti naye ameninong'oneza, "Tulia, mama." Nafurahi kwamba angalau jina lake analikumbuka. Jana nilimwomba binti huyu msamaha, kisha nikamwomba ruhusa ya kuyasema haya mbele yenu. Akasema, "Sema, mama. Mimi nimechoka kutulia."

Nawe mchezaji mpya, usiinamishe kichwa, kosa si lako. Jezi yako nimeishona mpya, kitambaa kipya kisicho na tundu la mtu mwingine. Siku ukiondoka, uilete mwenyewe, tukae tuzungumze. Ndugu Meneja, kushona nitaendelea kuwashonea. Kufumua nimeacha.

Na namba moja hii hapa. Ule mshono wa kwapa nimeukaza kweli, ili uongo wangu upungue kidogo, na jina liko palepale nilipoliweka miaka minane iliyopita. Inuka uje uichukue, mwanangu.

Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu.