Sebahire Aonje Kwanza

Sikilizeni, wanangu, na wewe Hakizimana simama hapo ninapoiona mikono yako, maana jana ulidhani nimelala, nikakusikia ukimwambia mtu kwenye simu, "Donc, muzee iko naenda, kuya uone shamba." Bado sijaenda, na shamba la viazi la Mudende haliuzwi, ni lenu wawili, wewe na dada yako Uwase, nusu kwa nusu.

Uwase, usilie. Unangoja ruhusa yangu uolewe na Ganza, mtoto wa Sebahire, nami nimenyamaza tangu walipokuja kuposa, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mimi na Sebahire tulikuwa vijana wa wakimbizi kule Karagwe, na vita vya Kagera vilipoanza tukajitolea, hatukulazimishwa na mtu, ni damu kuchemka tu. Tukatekwa na adui tukiwa doriani, kwenye njia tuliyoijua sisi wawili peke yetu. Nani alisema? Nimejiuliza hivyo mpaka mvi zimeniota.

Gerezani, walinzi walipoleta uji tuliogopa sumu. Sebahire akashika desturi ya kwetu, kwamba mwenye nyumba huonja kwanza ndipo mgeni anywe. Akaonja yeye, kila siku, nasi tukakaa kumtazama kama atakufa. Wafungwa wenzangu walimshukuru. Mimi nilisema moyoni, anaonja kwa sababu ameshaambiwa ni salama. Siku moja akaanguka akitapika damu, tukaumwaga uji ule, tukapona. Hata hapo nilijiuliza kama anaigiza.

Nizikeni Rugerero, kando ya mama yenu, na ng'ombe asitolewe zizini kabla ya matanga kuisha. Hakizimana, yatoe maziwa hayo. Sinywi. Tangu juzi sinywi cha mtu humu ndani, na kiu inaniua kabla ya ugonjwa, na nimewapitia wote moyoni, ndugu, majirani, hata wewe mwanangu wa kuzaa, nikitafuta ambaye ningepokea kikombe chake... ni mmoja tu.

Yuko uani tangu asubuhi, nakijua kikohozi chake. Mwiteni. Aonje... nami nitakunywa papo hapo, sitangoja kumtazama.

Uwase, nenda kwao, mwanangu. Imana, Mungu wetu, awape watoto, na... usingizi, ule ambao mimi sikuupata. Hakizimana... mfungulie mlango.