Mama Hodi, Dobi Aliyekufa Katika Kila Filamu

Wapendwa mliokuja kumsindikiza mama, shikamooni wakubwa zetu, na wengine wote poleni na safari. Nimeombwa nisome wasifu huu mimi kwa sababu wanawe wa kuzaa sauti zimewakauka kwa kulia. Mimi ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza. Naona wengine mnatazamana. Ndiyo, mimi ndiye mkwe wa kweli wa yule mama mkwe wa kwenye filamu. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kazini, hata daktari wa meno aliniuliza nikiwa nimeachama: "Unaishije na yule mama?" Jibu langu lilikuwa lilelile. Vizuri tu, ila anaamka mapema mno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Alikuwa mtoto wa nne, na wa kike peke yake kati ya kaka na wadogo zake. Baba yake alifanya kazi kwenye karakana ya treni, na mama yake alifulia watu nguo. Pasi ya mkaa alijifunza kuishika akiwa amesimama juu ya kreti la soda, kwani meza ilimzidi kimo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya njia ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1965. Walimu wake walimkumbuka kwa sauti. Akisoma yeye, darasa la jirani nalo lilikuwa linasoma, lipende lisipende. Alitaka kuendelea, na alama zilimruhusu, lakini mwaka huohuo mama yake aliumia mgongo, na mtu wa kushika pasi alikuwa ni yeye. Hakuwahi kulizungumza sana jambo hilo. Ila mtoto akikunja kurasa za kitabu mbele yake, alimfokea kama kamkuta anachezea moto.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa dobi katika hoteli iliyokuwa mkabala na stesheni. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kimejaa mvuke kutwa. Huko ndiko alikokutana na baba, fundi wa kupaka rangi magari. Baba alikuja mlango wa nyuma na shati lenye madoa, akaomba lisafishwe. Mama akalinyanyua kwa vidole viwili, akasema, "Hili si shati, hili ni gari." Wiki iliyofuata baba akaja na jingine, na jingine tena. Baadaye sana mama aligundua kwamba mwanamume yule alikuwa akijimwagia rangi makusudi. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1972, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa niwaambie alivyoingia kwenye filamu, maana hadithi nyingi zimesemwa na si zote za kweli.

Mwaka 1994 vijana fulani walikodi upande wa hoteli uliokuwa hautumiki, wakawa wanarekodi filamu ya mazombi. Walitaka kutisha watu. Siku ya pili, mama alipanda juu na rundo la shuka zilizonyooshwa, akaziweka kitandani kwenye chumba kimoja, akarudi kuchukua nyingine. Aliporudi akakuta mazombi wamezikalia, uso na mikono imepakwa rangi nyekundu, wanasubiri zamu yao. Kamera ilikuwa inaendelea kuchukua mlangoni.

"Nyie wafu!" mama alisema. "Mnakalia shuka za wageni? Hamna kwenu? Inukeni!"

Wakainuka wote, wamejipanga kama wanafunzi. Mwongozaji, ambaye yuko hapa leo na ndevu zimeshakuwa nyeupe, akamnong'oneza mpiga picha, "Usizime." Kuanzia hapo filamu ile ikageuka kuwa ya kuchekesha, na mama akapewa nafasi ya mama mkwe.

Walioziona filamu hizo hawana haja ya kuelezwa, lakini wapo wazee wetu ambao hawajawahi kuingia sinema. Kila filamu ilikwenda vilevile. Umeme unakatika, watu wanakimbia. Mama mkwe anakataa kuondoka kabla hajamaliza kupiga pasi. Anabembelezwa, anasema, "Tangulieni, nakuja," na hapo ndipo anang'atwa. Anazikwa harakaharaka. Kisha anarudi. Mazombi wengine wanavunja milango, yeye anasimama nje na kubisha: "Hodi!" Na kila mara yupo mtu ndani ambaye, kwa kulelewa vizuri tu, anaitikia, "Karibu, mama." Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, "Usimkaribishe!" Wapi. Akiingia, hamng'ati mume wa binti yake. Anampapasa mkono, anawageukia wenzake, anasema, "Huyu mwacheni, hana nyama." Na mwisho kabisa, watu wakishashusha pumzi, mkono unatoka kaburini na kupapasa huku na huku, unatafuta mkoba.

Mwaka mmoja mwongozaji aliuondoa mkoba, akasema umezoeleka. Watazamaji walikataa kutoka ukumbini hadi mwenye sinema akaja kuwaomba radhi.

Hivyo ndivyo mama alivyopata jina la Mama Hodi. Lakini kazi ya udobi hakuiacha mpaka alipostaafu. Alikuwa anatoka kufukiwa mchana, anaingia zamu ya jioni. Akifika nyumbani ana udongo masikioni, na mimi ndiye nilikuwa nikimuosha nywele kwenye beseni, uani.

"Mkwe," aliniambia siku moja, macho amefumba, "kufa ni kazi ngumu."

"Na kufufuka je, mama?"

"Kufufuka ndiko kunaumiza magoti."

Baba alikwenda naye kuziangalia filamu zote, lakini hakuwahi kumwona mkewe akifa. Ikikaribia sehemu hiyo alinyanyuka, akaenda kusimama kwenye korido kando ya muuza tiketi. "Akishaamka nishtue," alimwambia. Muuza tiketi alikuwa akichungulia ndani, halafu anampungia mkono: tayari, mzee, ameamka. Baba anarudi kukaa.

Baba alifariki tarehe 2 Agosti 2011. Wengi wenu mlikuwapo siku ya maziko, kwa hiyo nitalisema jambo hili kwa upole. Mama aliposogea kaburini kutupa udongo, mtu mmoja nyuma ya watu alisema kwa sauti ya chini, "Hodi." Kicheko kikapita. Hakikuwa kikubwa, kilipita kama kikohozi kinavyopita kwenye chumba cha watu. Mama hakugeuka. Alitupa udongo wake, akafuta mikono, akarudi mahali pake.

Tulirudi kwa gari, tukakaribia nyumbani. Ndipo akasema, "Nimekufa mbele yao mara nyingi mno. Leo nimefiwa kweli, wananingoja nichekeshe."

Hakurudi tena kwenye filamu. Mwongozaji alituma watu, mama akawapa chai na kuwasindikiza hadi mlangoni. Walitengeneza filamu mbili bila yeye. Nafasi yake walimpa binti mmoja msusi, mwenye kipaji kwa kweli, lakini watu walimzomea kabla hajamaliza kusema hodi. Nyumbani maisha yaliendelea. Mama alistaafu hotelini, akawa anashona vifungo vya wajukuu na kugombana na redio. Mtu akimsalimu njiani kwa kucheka, aliitikia kwa heshima na kupita. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa miguu.

Mwaka 2015 mwongozaji alikuja mwenyewe. Alikaa sebuleni, kofia magotini.

"Mama, rudi."

"Nirudi kufanya nini?"

"Kufa, mama. Na kufufuka kidogo."

"Kufa nitakuja," mama alisema. "Kufufuka, hapana."

"Mama, ule mkono usipotoka watu watavunja viti."

"Si wamelipa? Wavunje." Halafu akaacha utani. "Nataka nizikwe, binti yangu wa kwenye filamu alie, watu warudi makwao. Basi. Kama huwezi, kunywa chai yako uende."

Mwongozaji alikunywa chai. Alirudi siku ya tatu na kusema anaweza.

Siku filamu ilipoonyeshwa nilikaa kando ya mama. Ukumbi ulijaa, watu wamesimama hadi ukutani. Walicheka mwanzo hadi mwisho. Kisha likaja kaburi. Binti akalia, akaondoka, na kamera ikabaki inatazama udongo. Watu wakakaa mkao wa kupiga makofi. Majani yakatikisika kwa upepo. Mtu akapaza sauti, "Bado!" mwingine akamnyamazisha. Udongo ukabaki udongo. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yetu akaanza kulia, si kwa ajili ya filamu, mnajua kilio cha mtu aliyezika. Akafuata mwingine, upande wa pili. Taa zilipowashwa, hakuna kiti kilichovunjwa.

Walimwona mama amekaa katikati yao. Nilishika mkoba nikajiandaa kumtoa haraka, maana nilijua watamtaka aseme lile neno. Hawakumtaka. Mzee mmoja alikuja, akavua kofia, akampa mkono.

"Pole kwa kufiwa na mzee, mama."

Miaka minne ilikuwa imepita.

"Nimeshapoa, mwenzangu," alisema. "Ahsante."

Wakaja wengine, mmoja mmoja, foleni ikafika mlangoni. Muuza tiketi alikuwa wa mwisho. Usiku ule mama alilala bila kuwasha redio.

Mwaka uliofuata, nisiwafiche, mwongozaji alikuja tena. Alikuwa na wazo kwamba mama mkwe alikuwa na pacha.

"Pacha!" mama alisema. "Miaka yote hiyo alikuwa wapi?"

"Alikuwa safarini, mama."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akamwambia amlete yule binti msusi, awe ndiye pacha. Walikaa sebuleni kwetu wiki nzima, binti anabisha mlango, mama anamrudisha nje. "Shida yako unawatisha," alimfundisha. "Wewe umekuja kutembea. Umechoka, jua kali, mkoba mzito, unataka kiti. Bisha kama mtu anayetaka kiti." Filamu ile ilipendwa, na nyingine zilizofuata. Binti huyo alimwita mama hadi mwisho, na leo ndiye amemsuka.

Mwanzoni mwa 2022 miguu ya mama ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni moyo umetanuka. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Siku moja wodini aliinuka ghafla na kusema hapumui. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mama, maliza pasi kwanza." Nilipiga kelele. Alikuja nesi wa zamu, kijana wa kiume, akakimbia kama anayefukuzwa, akamwekea oksijeni na kumshikilia mgongo mpaka pumzi ikarudi. Baadaye mama alimuuliza kwa nini yeye hakucheka.

"Mimi sijawahi kuziona hizo filamu, bibi," nesi alisema. "Naogopa."

Kuanzia hapo mama hakukubali sindano ya mtu mwingine.

Miezi ya mwisho alitaka kuwa nyumbani. Tuliweka kitanda chake sebuleni ili asikie watu wakiingia na kutoka. Tulipokezana, mimi na wifi zangu na mume wangu, kumgeuza, kumuosha, kumpa dawa. Tulichoka, na yeye alijua tumechoka, akawa anajifanya amelala ili na sisi tulale. Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, alasiri, nilikuwa napiga pasi chumba hichohicho. Aliniambia nimekosea kola. Nikairudia. Akasema, "Sasa hapo. Njoo ukae." Nilikaa, akanishika mkono, wala haukuwa baridi. Alisema, "Leo nimechoka hasa, mwanangu." Nikadhani amesinzia. Nilimwita. Nikamwita tena.

Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru mwongozaji na wenzake, ambao tangu msiba utokee wamebeba viti, wamechota maji na hawajafanya mzaha wowote. Tunamshukuru nesi wetu. Tunawashukuru majirani waliotupikia tulipokuwa hatujui hata sufuria ziko wapi.

Marehemu ameacha watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili. Wakwe watatu, nami nikiwamo. Wajukuu wanane na kitukuu mmoja anayeanza kutambaa. Mdogo wake wa mwisho, ambaye amesafiri siku mbili kufika hapa. Na binti msusi, ambaye hakumzaa.

Kazi umeimaliza, mama. Lala salama.