Nusu Mzunguko wa Skrubu

Wasikilizaji wapendwa, saa kumi imetimia, chai iko mezani, na mimi Zaharah nimeketi pale pale ninapoketi kila Jumatano. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Deraman bin Jusoh, wa kijiji cha Kampung Rantau Jambu, fundi wa kiwanda cha gesi. Alifariki Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na moja. Deraman bin Jusoh, miaka sabini na moja.

Wengi wenu mlimjua kwa sura. Yule mzee mwembamba wa pikipiki nyekundu, mwenye bisibisi ndogo mfukoni hata akienda harusini. Lakini kazi yake hasa ilikuwa nini? Hapo wengi tulikuwa tunabahatisha. Mimi nilidhani anaunga mabomba. Wiki hii imenibidi niulize, na nimeelezwa kwa subira nyingi na Rohayu, fundi aliyefundishwa na Pak Deraman mwenyewe. Nawaeleza kama nilivyoelewa.

Gesi inapita kwenye bomba. Kwenye bomba kuna vali, inaibana gesi au inaiachia. Ubavuni mwa vali kuna kikasha cha chuma, kadiri ya kopo la biskuti. Kinaitwa pozishena. Chumba cha udhibiti kinakipelekea hewa ya mgandamizo: paundi tatu maana yake funga, paundi kumi na tano maana yake fungua yote. Pozishena inapokea amri, inaisukuma vali kwa hewa yenye nguvu zaidi, na ina mkono mdogo ulioshika fimbo ya vali, ili ijue kweli imefika ilikoambiwa. Ndani mna skrubu mbili. Ya kwanza ni ya sifuri, pale vali inapoanzia. Ya pili ni ya upeo, umbali inaokwenda. Sasa, ukigusa upeo, sifuri inahama. Kwa hiyo fundi anarudi nyuma, anapima upya, mpaka zote mbili zitulie. Sifuri, upeo, sifuri tena. Shikeni hilo, wasikilizaji, tutalihitaji.

Deraman alikuwa mtoto wa mpika budu, ule mchuzi wa samaki waliochachushwa. Aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na saba, ananuka samaki, na wenzake hawakumficha. Baada ya miaka michache hakuna aliyemtania tena. Alikuwa akiweka vidole viwili kwenye fimbo ya vali na kujua kama inatetemeka kabla geji haijaonyesha. Alikuwa na vita vyake na nyigu pia. Wale nyigu wa udongo wanapenda kile kitundu ambacho pozishena inapumulia, wanakiziba kwa tope, na vali inakwama. Deraman alitembea na njiti za ufagio za kuzibulia. Mjane wake, Mak Kelsom, bado analalamika. Anasema, "Nyigu wa kiwandani, ufagio wa kwangu. Nilikuwa nafagia na ufagio wenye kipara."

Basi tuje mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja. Ilikuwa Ijumaa. Deraman alipangiwa pozishena moja ya bomba kuu. Gesi ikapitishwa njia ya pembeni, akafungua mfuniko, akaanza. Akaweka sifuri. Akaweka upeo. Adhana ya Ijumaa ikaanza kusikika kutoka msikitini. Mvua ilikuwa inakuja, pikipiki iko mbali, na yeye hakupenda kukosa hotuba. Akafunga mfuniko, akairudisha vali kazini, akaenda. Sifuri, upeo, basi. Ile mara ya tatu hakuifanya.

Saa kumi alasiri, aliyekuwa kwenye chumba cha udhibiti alikuwa rafiki yake, Senik. Walikulia mtaa mmoja, wake zao wakiazimana hadi chumvi. Wanunuzi wa gesi walisimamisha mitambo ghafla, na Senik akashusha hewa hadi paundi tatu ili vali ifunge. Mbele yake kila kitu kilionyesha imefunga. Haikufunga. Ilibaki wazi kidogo tu, lakini kidogo hicho kikajaza bomba. Mwenge wa kiwanda, ule mnara unaochoma gesi iliyozidi, ulipanda moto juu kiasi cha watu wa kampung kukimbia na watoto mgongoni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Kiwanda kilisimama kwa saa sita.

Deraman ndiye aliyetumwa kuikagua vali. Alipeleka paundi tatu, akatazama fimbo, na akajua. Hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Hapo, wasikilizaji wapendwa, alifanya jambo ambalo hata mimi kulisema kunanipa tabu, kwa sababu nilimpenda mzee huyu. Alizungusha skrubu ya sifuri nusu mzunguko. Vali ikafunga vizuri kabisa. Kisha akaandika kwenye ripoti: vali ni nzima.

Vali ikiwa nzima, mkosaji ni aliyeifunga kwa kuchelewa. Senik akasimamishwa kazi siku ya pili. Nyumba aliyokaa na familia yake ilikuwa ya kiwanda, na ilisemekana ataambiwa aondoke. Senik aliapa kwamba alifunga kwa wakati. Aliyeweza kumthibitishia alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikaa kimya. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu.

Asubuhi ya siku ya nne Mak Kelsom alimwekea mumewe nasi dagang, wali wa nazi kwa samaki, na kwa mara nyingine hakugusa.

"Abang Man, hiki chakula kimekukosea nini?"

Akamwambia yote. Ijumaa, mvua, skrubu, ripoti. Mak Kelsom anasema alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kijiko. Alimpenda mumewe, na alijua wana watoto wanne na hii ndiyo kazi. Anasema aliogopa sana. Halafu akamwambia:

"Jana mke wa Senik alikuja kuniomba masanduku ya kufungia vyombo. Nimempa mawili. Nenda kamwambie ayafungue."

Akaenda. Kwanza kwa meneja, akataka ripoti yake iletwe, akaikata mwenyewe kwa kalamu na kuandika ukweli chini yake. Kutoka hapo akaenda mlangoni kwa Senik. Mak Kelsom anasema alirudi nyumbani saa nne asubuhi na akala ile nasi dagang ikiwa baridi, yote.

Senik alirudishwa kazini, nyumba ikabaki yake. Deraman alisimamishwa miezi miwili, na tangu hapo hadi anastaafu hakupandishwa cheo. Na Senik, je? Senik alinuna. Kwa miezi kumi na moja waliongea kwa redio ya mkononi tu. Vali imefunga? Imefunga. Basi. Siku ya Raya, yaani Idi, ikafika, na Senik akaonekana uani kwa Deraman amebeba masanduku mawili, yamejaa ketupat za wali na keropok za samaki. Akayatua chini akasema, "Masanduku ya mkeo haya." Wakakaa, wakala.

Tangu mwaka ule Deraman alijiwekea desturi. Kila pozishena aliyoirekebisha, akishamaliza ile sifuri ya pili, aliandika jina lake na tarehe upande wa ndani wa mfuniko, kwa ncha ya msumari. Kila moja. Rohayu alipoanza kazi alimcheka: "Pakcik, hilo si jina, ni kesi unajiandikia." Mzee akamjibu, "Ndiyo. Nikikosea, wasimsumbue mtu mwingine." Rohayu anakiri kwamba yeye hakuiga. Tangu mzee astaafu, miaka kumi na moja, hakuwahi kuandika lake. Anasema wazi kabisa: aliogopa.

Siku hizi pozishena nyingi pale zimebadilishwa, zimekuja za kisasa zinazojipima zenyewe. Ya zamani imebaki moja, kwenye bomba kuu. Ndiyo hiyo hiyo ya Ijumaa ile.

Jumamosi tulimzika Deraman. Pak Senik, sasa anatembea kwa mkongojo, alisimama pale kaburini watu walipokuwa wanaondoka, na Rohayu alikuwa karibu yake. Senik akasema, "Alinichelewesha siku tatu. Nilikasirika sana na siku zile tatu. Nimezeeka sasa, nimewaona watu wengi. Wengi hawaji kabisa."

Jumapili ilikuwa zamu ya Rohayu kuirekebisha ile pozishena ya mwisho. Alifungua mfuniko. Jina la Deraman lilikuwepo mara kumi na mbili, moja chini ya jingine, na tarehe zake. Rohayu akaweka sifuri, akaweka upeo, akarudi kwenye sifuri. Ilikuwa imehama, kidogo sana. Akaisahihisha, akapima tena, ikatulia. Kisha akatoa msumari. Anasema herufi zilimwendea upande. Rohayu binti Embong, na tarehe ya Jumapili, chini ya jina la mwalimu wake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mak Kelsom, kwa watoto wanne na wajukuu, kwa Pak Senik, na kwa mafundi wote wa kiwanda, sisi wa studio hii tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Deraman bin Jusoh, fundi wa gesi, wa Kampung Rantau Jambu. Al-Fatiha.

Nanyi mlioko majumbani, nina swali moja tu, na simwulizi mtu mbele za watu. Je, kuna mtu mahali anafunga masanduku kwa kosa lako? Kama yupo, zima redio uende. Chai utaikuta.