Mzee wa Kanisa na Mjane wa Ndugu Yake

Benchi lenyewe lilikuwa mti wa reli uliotolewa kazini, umelazwa juu ya matofali kando ya ukuta wa Mama Adolphine, pale kambi ya wafanyakazi wa mgodi inapoishia na cité, mtaa wa Waafrika wa Kolwezi, inapoanza. Lilijaa Jumapili, watu wakitoka ibadani. Mama Adolphine alichemsha kahawa yake nyeusi, akaimimina katika vikombe vya bati, na wanaume wakayarudia mahubiri kutoka mwanzo, kana kwamba pasta ameyaharibu na wao ndio mafundi wa kuyatengeneza. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa pale benchini hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho.

Mbuyu alikaa mwishoni, karibu na moto. Alikuwa fundi wa mashine, mtu wa maneno machache, na siku zote alikuja kusikiliza na kucheka. Siku hiyo alikuwa na jambo moyoni. Mzee wa kanisa wa zamani alikuwa amestaafu na kurudi kwao Kasai, na katikati ya wiki pasta alimwita Mbuyu pembeni akamwambia kwamba Wakristo wengi wanamtaja yeye achukue nafasi ile. Jibu lilitakiwa Jumapili hiyo, kabla ya jua kuzama. Na asubuhi, kama kwa kusudi, pasta alihubiri maneno ambayo Paulo alimwandikia Timoteo juu ya mtu anayefaa kuongoza kanisa.

Wa kwanza kuyashika alikuwa Kazadi, karani, ambaye watu walimwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu hakuna kesi aliyoiacha ipite.

— Paulo alisema wazi, alianza Kazadi. Muzee wa kanisa akuwe bwana ya bibi mumoja. Asikuwe mulevi, asipende bita, akaribishe bageni, nyumba yake aiongoze muzuri. Mumoja ni mumoja. Hakuna fasi ya kuongeza.

— Kuko fasi, alisema Mukalay. Huyu kazi yake ilikuwa kulipua miamba mgodini, nao walimwita Baruti, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya mdomo. Bakisema shofere akuwe na permis moja, na weye uko na mbili, batakufukuza? Paulo alikuwa anaogopa bajeune, bale habajaoa. Alisema mumoja, maana yake asipungukiwe.

— Weye unageuza Maandiko sawa chapati.

— Mi nasoma tu. Ni Paulo aliandika mufupi.

Louis, ambaye walimwita Sakristi, alikuwa Mkatoliki. Alidai anakuja kwa ajili ya kahawa tu, lakini hajawahi kuondoka kabla ubishi haujaisha.

— Kwetu ile maneno ilishaisha zamani, alisema. Padri haiko na hata mumoja.

— Basi padri hawezi kuwa muzee kwetu, alijibu Kazadi.

— Na Paulo mwenyewe? Paulo alikuwa na bibi?

Kazadi alikunywa kahawa polepole, akijipa muda.

— Paulo alikuwa mutume. Ni kintu ingine.

— Nasikia. Kwa hiyo Paulo akishuka leo mu treni ku gare ya Kolwezi, na valise yake mu mukono, nyiye mutamuambia akae nyuma kule na bale bangali bachanga mu imani.

Walicheka wote, hata Kazadi. Mbuyu naye alicheka, kisha akaona kwamba kama anataka kuuliza, wakati wake ndio huu.

— Mi nataka kujua kintu kimoja, alisema. Bibi ni nani? Mutu anajuaka namna gani kama huyu njo bibi yake?

Walimgeukia. Haikuwa kawaida yake kuanzisha neno.

— Ni ule aliandikwa ku biro ya kambi, alisema Kazadi mara moja. Jina yake iko chini ya jina yako. Imekwisha.

— Mbele ya mubeleji kufika, hakukuwa biro, alisema Louis. Na batu balikuwa na babibi. Ni ule mulisimama naye mbele ya altare.

— Nyiye bote munapotea njia, alisema Mukalay. Ni posho. Angalia. Kampani inakupa bunga, inakupa samaki, inakupa mafuta, ju yako, ju ya bibi, ju ya batoto. Bibi wa pili, hata umulilie chef de camp, mukubwa ya kambi, hana posho. Sasa Paulo alikuwa mutu wa safari, alipita mu kambi mingi. Aliona hii maneno ya posho. Njo maana akasema mumoja.

— Ku Efeso kulikuwa posho? aliuliza Kazadi.

— Kulikuwa bafanyakazi. Fasi kuko bafanyakazi, kuko posho. Na Timoteo, kazi yake ilikuwa kupita mu nyumba saa ya midi, batu banapika, kuangalia moshi. Moto moja, bibi mumoja. Moto mbili, mutu ule haiwezi kuwa muzee.

— Sawa bale banakujaka kukagua nyumba ya mutu anaomba karte ya évolué, ahesabiwe sawa muzungu, alisema Louis, akipendezwa na wazo hilo. Kama bibi anakula ku meza, kama kuko forsheti na kisu.

— Njo vile. Timoteo alikuwa inspekta.

Mama Adolphine aliinua kichwa kutoka kwenye birika.

— Na hii moto yangu? aliuliza. Mi niko mujane. Timoteo akipita hapa, ataandika niko bibi ya nani?

— Bibi ya kahawa, alisema Mukalay, na benchi zima likatikisika kwa kicheko.

Mbuyu hakucheka mara hii. Ndugu yake mkubwa, Ntumba, alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu, akaacha mke, Tshiela, na watoto. Kwa desturi yao, ndugu humrithi mjane. Mbuyu na mkewe Bilonda walizungumza, na Bilonda ndiye aliyesema watoto wale wasipelekwe mbali. Basi Mbuyu alienda bironi, ofisi ya kambi, na kumwandikisha Tshiela kama mke wake, kwa kuwa kambi haikuruhusu mwanamke asiye na mume kukaa ndani yake. Bilonda alikuwa tayari amefunga naye ndoa kanisani na jina lake limo bironi, lakini karani mmoja wa pale, aliyependa kupewa soda, aliandika jina la pili bila kuuliza mengi. Lakini tangu siku hiyo Mbuyu hajawahi kuingia chumba cha Tshiela. Tshiela alilala na wanawe, akapika pamoja na Bilonda kwenye moto mmoja, na ndani ya nyumba hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Nje ya nyumba watu walijihesabia wenyewe: wake wawili.

— Mbuyu, alisema Mukalay, na sauti yake sasa haikuwa ya mzaha. Shiye ni barafiki. Jina yako inatajwa, tunajua. Ule Mama Tshiela ni bibi yako ao hapana?

Mbuyu alitazama kikombe chake. Kama angesema ndiyo, angedanganya kanisa na kumvunjia heshima mwanamke wa ndugu yake. Kama angesema hapana, neno hilo lingefika bironi kabla ya kesho, na Tshiela angefukuzwa kambini. Kulikuwa na binamu yao Kisenge, mwenye wake wengi na nyumba ya makelele, aliyekwisha kutuma salamu kwamba kama Mbuyu amemshindwa mjane, yeye yuko tayari kumrithi.

— Akatae mbele ya kanisa, alisema Kazadi. Aseme haiko bibi yangu. Atakuwa safi.

— Na mwanamuke ataenda wapi? aliuliza Louis.

— Ile ni maneno ya familia. Shiye tunasema maneno ya uongozi.

— Hapana, akubali, alisema Mukalay. Akubali, na akuwe muzee na bibi babili, ju moto iko moja. Nilishaeleza.

Wakaanza tena wote pamoja. Kazadi alisema nyumba isiyoeleweka haiwezi kuongoza kanisa. Louis alisema labda mzee wa kanisa ameoa kanisa lenyewe, kwa hiyo kila aliye na mke nyumbani tayari ana wawili, na hakuna anayefaa duniani. Kelele ilikuwa kubwa hata hawakumwona Tshiela mpaka aliposimama mbele yao, kitambaa chake cha ibada bado kichwani, mikono ameifunga tumboni. Alikuwa ametumwa na Bilonda.

— Mulamu, alimwambia Mbuyu, yaani shemeji, kama alivyomwita siku zote. Pasta amefika ku nyumba. Anakungoja.

Mbuyu alisimama. Lakini Tshiela hakugeuka kuondoka. Alikuwa amesikia ya kutosha, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu anayeuliza njia.

— Nyiye munajua Maandiko kunipita, alisema. Munisaidie. Kama mi si bibi ya mutu, leo magaribi nilale wapi na batoto?

Kazadi alifungua mdomo. Alitafuta upande wa Timoteo, upande wa biro, upande wa desturi. Mukalay alikwaruza tope kwenye kiatu chake. Louis alisema taratibu kwamba hilo ni neno la kufikiri. Mama Adolphine alikuwa ameshika birika hewani, hamimini.

Lakini aliyechomwa zaidi alikuwa Mbuyu. Yeye mwenyewe, tangu msiba wa ndugu yake, alikuwa amepanga kila kitu kwa ajili ya huyu mwanamke, kwa moyo safi, na hakuwahi hata siku moja kumwuliza neno.

— Mama Tshiela, alisema. Weye unataka nini?

Tshiela alimtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha ngeni.

— Nataka kubakia mujane ya Ntumba, alisema mwishowe. Batoto bakomale karibu na bandugu yabo. Sitaki kwenda kwa Kisenge. Na sitaki Mama Bilonda asikie batu banamuhesabia bibi mwenzake ku kisima.

— Basi twende, alisema Mbuyu. Utamuambia pasta vile.

Walikwenda pamoja, na nyuma yao hakuna aliyeomba kikombe kingine.

Pasta aliwasikiliza sebuleni, Bilonda naye akiwa amekaa karibu na Tshiela. Mbuyu alieleza yote, hata kuandikishwa kule bironi. Alisema hataki uzee wa kanisa kwa ndiyo ya uongo wala kwa hapana itakayomtupa mjane nje. Pasta alifungua Biblia yake. Alisema Paulo, katika maneno yale yale kwa Timoteo, mbele kidogo, alitaka jamaa zao wawatunze wajane, na kanisa lisiwasahau walio peke yao. Asubuhi, katika mahubiri, hakufika huko.

— Umesema ukweli, pasta alimwambia Mbuyu. Lakini siwezi kukuweka mbele ya kanisa wakati biro iko na jina ya babibi babili. Unaelewa?

— Naelewa, Pasta.

Ilimwuma. Usiku huo Bilonda alimwona amekaa kitandani bila kuvua viatu, akamwekea mkono begani.

Uzee wa kanisa alipewa Kazadi. Watu walisema anajua maneno. Alikubali kwa furaha, na jambo la kwanza ambalo pasta alimkabidhi, mbele ya kanisa lote, lilikuwa lile swali: mjane Tshiela alale wapi. Kazadi alirudi benchini bila hotuba. Alizunguka kwa majuma. Bironi walimrudisha nyuma, akarudi tena. Alipata kibali cha Tshiela kufutwa kambini na kuandikwa cité, iwapo kuna mwenye lupango, kiwanja chenye ua, atakayempokea. Hapo alikwama, kwa kuwa wenye lupango walitaka mpangaji mwenye mume.

Aliyemaliza shida ni Mama Adolphine.

— Munazunguka mji muzima, alisema, na lupango yangu iko hapa. Muniombe tu.

Basi Jumamosi moja, baada ya king'ora cha mgodi, walikuja kujenga. Mbuyu alikuwa amefyatua matofali ya udongo kwa majuma kadhaa. Kazadi, ambaye mikono yake ilizoea kalamu, alibeba maji akilowesha suruali yake nzuri. Mukalay alichimba msingi akieleza jinsi baruti kidogo tu ingemaliza kazi. Louis alikuja na mlango wa zamani kutoka misheni yao, akasema mbao haiulizi mtu ni wa kanisa gani.

Kuta zilipofika magotini, wakaanza kubishana. Kazadi alitaka mlango utazame barabara, kwa heshima. Mukalay alitaka utazame upande wa jua la asubuhi. Louis alisema mvua ya huku hutoka kule, kwa hiyo uwe huku. Tshiela alikuwa anakanda udongo, miguu imezama mpaka kwenye vifundo.

Mbuyu aliweka tofali chini.

— Mama Tshiela, alisema. Mulango tuuweke wapi?

Wote wakamgeukia. Tshiela alitoka katika udongo, akafuta mikono yake kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akaingia kati ya zile kuta fupi. Alitazama barabara. Alitazama nyuma, upande wa kambi, ambako watoto wa Bilonda na wake walikuwa wakija wakifukuzana.

— Ngojeni kwanza, alisema. Muniache nifikiri.

Nao wakasimama pale, udongo ukiwakaukia mikononi, wakangoja.