Shuka la Watu Wawili

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, mimi ni binti wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, kazi ambayo ingekuwa nyepesi kama asubuhi hii nisingekuta bendera mbili za vyama juu ya jeneza lake, nyekundu miguuni na buluu kichwani, na vijana wakisukumana kila mmoja akitaka yake iwe juu. Nimeziondoa zote mbili, ziko jikoni juu ya ndoo, wenyewe watazichukua wakiondoka. Mama alisema atafunikwa na shuka lake, na hilo ndilo litakalofanyika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, Mtaa wa Chini, nyumba ya tatu kutoka darajani, akiwa mtoto wa pili wa fundi viatu na muuza mkaa. Siku hizo serikali ilikuwa imegawa watu kwa ngozi zao, Rangi ya Kwanza wakae Mtaa wa Juu, Rangi ya Pili wakae Mtaa wa Chini, mto katikati, na kila aliyetimiza umri alikwenda kwa karani kuandikiwa kadi. Karani huyo hakuwa na kipimo chochote zaidi ya macho yake na mwanga wa dirishani. Dada yake mama alikwenda asubuhi jua likiwaka, akaandikiwa ya Kwanza, mama akaenda alasiri wingu limetanda, akaandikiwa ya Pili, watoto wa tumbo moja walionyonya ziwa moja, na tangu mwaka 1965 mama mkubwa alihamishiwa ng'ambo, asiruhusiwe kulala kwa wazazi wake hata babu alipokuwa mahututi. "Mimi nilipangiwa maisha na wingu," mama alikuwa akisema, nasi watoto tulicheka, lakini leo sioni cha kuchekesha.

Alisoma shule ya msingi ya Mtaa wa Chini kuanzia Januari 1957 hadi Desemba 1963, akiongoza darasa katika hesabu, akaishia hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu sekondari ilikuwa moja tu na ilikuwa Juu. Mwaka huu nimemsikia mgombea mmoja akisema jukwaani kwamba watu wa Chini hawakupenda shule. Kama yupo hapa, asimame tumwone.

Tarehe 2 Mei 1967 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali kuu, iliyo Juu, ng'ambo ya mto. Chumba cha kufulia kilikuwa kimoja, kimekatwa na ukuta unaofika kifuani, mashuka ya wodi za Kwanza yameshonwa uzi mwekundu pindoni, ya Pili uzi wa buluu, na kila aina ina pipa lake la kuchemshia, utadhani maradhi nayo yanasoma uzi kabla ya kumwingia mtu. Katika wiki yake ya pili, mama alitumbukiza mashuka yote katika pipa moja, akachochea moto, uzi mwekundu ukachuja, na mashuka ya hospitali nzima yakatoka rangi ya waridi. Msimamizi alifoka mpaka sauti ikamkauka, lakini mashuka mengine hayakuwepo, kwa hiyo wakubwa wa Juu na akina sisi walilalia waridi lile lile mpaka yalipofuliwa yakatakata, na hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo. Mama aliadhibiwa kwa kupewa ufagio mpaka mwisho wa mwaka. Shuka moja lilikataa kutakata, likatupwa, naye akaliokota.

Sasa niwaeleze jambo ambalo madobi wanalijua, kwamba shuka kubwa la hospitali likiwa bichi halikunjwi na mtu mmoja, wanatakiwa wawili, kila mmoja ashike pembe zake, wavute mpaka linyooke, kisha wasogeleane. Siku moja ya mwaka 1970 mwenzake mama hakuja kazini, na ng'ambo ya ukuta alikuwepo kijana wa Rangi ya Kwanza, maana hata hao walikuwa na maskini wao ingawa waliwaficha, naye amekwama na shuka lake peke yake. Wakakunja juu ya ukuta, mama akiamuru, "Vuta, sogea," na baba alizoea kututania kwamba yeye hakumtongoza mtu, alitii amri tu. Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 1972, sebuleni kwa mama mkubwa, mapazia yameshushwa, kwa kuwa sheria ilikataza, na kwa miaka mingi baba alivuka daraja kuja kwa mkewe akiwa na furushi la nguo chafu kichwani, ili askari wasimwone uso.

Walijaliwa watoto watatu. Kaka yetu mkubwa alizaliwa mwaka 1973 na alichukua ngozi ya baba. Tarehe 21 Agosti 1976 alishikwa na homa kali, mama akambeba mbio hospitalini, kwenye mlango wa Pili nesi akamtazama mtoto akasema huyu ni wa Juu, kwenye mlango wa Kwanza karani akatazama kadi ya mama akasema huyu ni wa Chini, mama akarudi kule, akarudishwa huku, na mtoto akamfia mgongoni, juu ya changarawe, kati ya milango miwili ya hospitali ambayo mashuka yake aliyafua yeye. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, na hasira hii nimeinyonya, msinishangae.

Mwaka 1981 sheria ile ilifutwa, kadi zikachomwa uwanjani, watu wakacheza ngoma, na ukuta wa chumba cha kufulia ukabomolewa. Tukadhani yamekwisha. Vikaja vyama, kimoja kikachukua Juu na wekundu wake, kingine kikachukua Chini na buluu yake, sijui kama walikaa wakafikiri au waliokota tu kwenye pindo za mashuka yetu, na sumu ile ile ikarudi imevaa fulana mpya. Mama alistaafu mwaka 2004, akamzika baba mwaka 2011, na akaishi kumwona mwanawe wa mwisho akiwa katibu wa vijana wa nyekundu, na mume wangu akiwa mhamasishaji wa buluu, mtu na shemeji yake, hawasalimiani, mmoja akija kumwona mama asubuhi ili asikutane na mwingine jioni.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Novemba 2017. Jumanne tarehe 9 Aprili 2019, siku mbili baada ya kura, kifua kilimbana, gari la wagonjwa likampakia na kufika darajani, ambako vijana wa buluu walikuwa wameweka kizuizi mwisho huu na vijana wa nyekundu mwisho ule. Dereva wa Chini akakatazwa kuvuka, gari la Juu likakatazwa kuingia, machela ikawekwa chini katikati ya daraja, juani, watu wakibishana nani asogee. Mdogo wangu alikuwa kwenye kizuizi kile, mume wangu kwenye hiki. Kila mmoja alidhani ni mama wa mtu mwingine. Alikata roho saa tano na robo asubuhi.

Familia inamshukuru daktari wa moyo, aliyekuja kwa miguu akikimbia, akapita katikati yao akitukanwa, akamkuta ameshakata roho. Tunawashukuru majirani waliotupikia, na madobi wa hospitali, wa Juu na wa Chini, waliomwosha mwenzao. Wenye vizuizi hatuwashukuru.

Shuka lile la waridi ndilo hili lililo kwenye kiti. Nimelifua alfajiri, bado bichi, limejisokota, na kama nilivyowaeleza, mtu mmoja haliwezi. Mdogo wangu, ondoka hapo upande wa wenzako, uje ushike pembe hizi. Mume wangu, njoo ushike hizo. Vuteni mpaka linyooke, kisha msogee, mmoja huku na mwingine kule, mumfunike. Hatuziki mtu hapa mpaka mmefanya hivyo, na mimi sina haraka.

Pumzika, Mama, kwa amani ile ambayo sisi wenyewe tulikunyima.