Matairi Manne ya Waino Hietala

Mchungaji, ndugu, majirani, na nyote mliopanda mlima wa Quincy katika theluji ya leo, familia inawaomba radhi kwa kuwaweka saa nzima kwenye viti vigumu, sababu ipo, marehemu mwenyewe angeiunga mkono, na tutaifikia.

Waino Ahti Hietala alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 huko Misery Bay, Michigan, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Oskari na Bi Hilja Hietala, akazaliwa ndani ya sauna ya shambani kama ndugu zake wote, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye joto, na mama yake alizoea kusema ndiyo maana mtoto huyo hakuwahi kuiogopa baridi. Alianza shule ya msingi mwaka 1945, akamaliza sekondari mjini Hancock Juni 1957, hesabu akifaulu, kuimba akifeli, kisha akalitumikia jeshi nchini Ujerumani kuanzia Februari 1958 hadi Februari 1960 kama fundi wa malori.

Aliporudi aliendesha greda la kuondoa theluji barabarani kwa miaka minne, akayatoa mitaroni magari mengi kiasi cha kujua, kabla hajashuka, ni tairi gani limemponza nani, na tarehe 5 Oktoba 1964 akafungua duka lake la matairi hapa mlimani. Wengi mliomo humu mmekemewa mle. Ukija na tairi kipara alikuuliza kama umechoka kuishi, ukija unajitapa na gari jipya linaloendeshwa na magurudumu yote manne, alikusikiliza hadi mwisho, halafu akakwambia, "Bwana, hilo litakusaidia kuondoka, kusimama utasimama na nini?" Wenye pikapu aliwapakilia mifuko ya mchanga nyuma, watake wasitake, na kila Jumapili ibada ikiisha alizunguka maegesho ya kanisa hili, akiinama na kuchomeka kidole kwenye kashata za matairi ya waumini kupima kina chake, ya mchungaji yakiwemo.

Jumamosi tarehe 23 Juni 1962 alifunga ndoa na Saimi Ruona, wakajaliwa watoto wawili, Carl mwaka 1963 na Elaine mwaka 1966.

Sasa tunafika mahali ambapo Waino aliagiza pasirukwe. Miaka ile magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yalikuwa mageni huku, sisi tulizoea kufunga matairi mawili ya theluji nyuma, kunakosukuma, na mbele tukaacha yale ya kiangazi, basi Waino akaona kwa gari jipya la mkewe, la aina hiyo, ni kuyahamishia mawili mbele tu, akamwambia, "Mbele ndiko kunakovuta, Mama Carl, nyuma kunafuata tu." Jumanne tarehe 8 Desemba 1981, Saimi akishuka mlima huu kwenda kumchukua Elaine shuleni, akagusa breki, mbele kukashika, nyuma kukateleza na kutaka kutangulia, gari likazunguka, likapiga mti, akavunjika nyonga, akalazwa wiki saba, na fimbo mnayoiona mkononi mwake ni ya siku ile.

Waino alilia, tunasema wazi kwa kuwa mwenyewe alisema wazi. Jumapili iliyofuata alisimama hapa hapa, akawataja kwa majina wateja arobaini na sita aliowafungia mawili mawili, akawaambia, "Nimewakosea, njooni kesho," akawafungia mengine mawili kila mmoja bila kuwatoza, na tangu hapo hakuuza mawili tena, hata ukimlilia alikujibu, "Manne, au nenda kwa miguu." Saimi alimsamehe kabla hajatoka hospitali, ila usukani aliugomea, na kwa miaka arobaini na mitatu, kila vuli, Waino alilifungia gari la mkewe matairi manne ya theluji, gari lisiloendeshwa, akisema, "Siku utakayotaka, lipo tayari," naye akijibu, "Utangoja sana, Baba Carl." Kumwona akiushuka tena ule mlima mwenyewe ndilo jambo Waino alilolitamani kuliko yote.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2021, na asubuhi ya Jumanne tarehe 7 Januari 2025 pumzi zilimbana, gari la wagonjwa limekwama ng'ambo ya maji, Carl yuko mbali, theluji inamwagika, basi Saimi akachukua funguo za gari lake. Alimshusha mumewe mlima mzima, polepole, gia ndogo, bila kuteleza hata mara moja, na Waino, mtu asiyewahi kukaa kiti cha abiria bila kutoa maelekezo, hakusema neno hadi walipofika chini, akamwambia, "Umeona?" Wauguzi walidhani wamempokea mgonjwa mwenye nafuu, jinsi alivyokuwa anacheka. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitano, mkewe amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioondoa theluji kwenye paa letu bila kuombwa, akina mama waliooka mikate ya iliki inayotungoja pamoja na kahawa, na wafanyakazi wenzake wa dukani, hasa Leroy Taskila, aliyefanya naye kazi miaka thelathini na mmoja, ambaye mikono yake leo ina grisi kwa sababu hii: gari la kubebea jeneza lilipopita nyumbani kutuchukua, Saimi aliinama akalitazama, akakuta matairi ya theluji yako nyuma tu, dereva akajitetea, "Mama, ndiyo yanayosukuma," naye akasimama mbele ya gari na fimbo yake, akasema, "Waino haendi popote na mawili." Likapelekwa dukani, Leroy na Carl wakalipiga jeki Waino akiwa ndani, wakafunga mawili ya mbele, na hiyo ndiyo saa mliyotungojea.

Ibada ikiisha tutashuka kwenda makaburini, gari la kwanza, lile la jeneza, ataendesha Saimi, tafadhali msimpite.

Waino, yote manne yamefungwa, na usukani anao Saimi, usimwelekeze, pumzika tu kwa amani.