Moto Ni Mimi: Maisha ya Mama Philomène Bolumbu

Wapendwa wa Mama, wa upande wa mto na wa upande wa Maniema, muliofika kwa miguu, kwa baiskeli za toleka na kwa pirogi za mtoni, mimi ni Idrissa, bokilo, mume wa binti yake Benie, na ninajua kwamba hapa niliposimama angesimama Tonton Jean-Paul, ambaye amesoma historia za marehemu wote wa familia hii tangu mimi sijazaliwa, lakini Mama mwenyewe aliandika katika daftari lake kwamba asome Idrissa, asiruke mwaka 2011, na kile kiti cha mbele kibaki kitupu mpaka amalize. Tonton, pole, amri si yangu. Ninawaambia mapema pia kwamba ndani ya mwaka huo kuna jambo langu mimi, nimelificha miaka kumi na minne, na nikishalisema sijui kama mutaendelea kuniita mukwe.

Mama Philomène alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1953, mutoto wa nne wa mvuvi na wa muuza kwanga ya muhogo, katika nyumba ambayo, kama alivyopenda kusema, samaki walikuwa wengi kuliko sahani. Alianza shule ya msingi kwenye misheni ya hapo hapo mwaka 1959, vita ikamtoa darasani mwaka 1964, akarudi mwaka 1966 akiwa mrefu kuliko benchi, akaendelea hapa Kisangani kwa masista, na akapata diploma yake ya ualimu mwezi wa Julai 1973.

Septemba hiyo hiyo aliingia darasani Kabondo, na hakutoka mpaka mwaka 2016, akifundisha kusoma, hesabu, na somo la uraia, ambalo kwake lilikuwa somo la kusikiliza, kwani mutoto aliyeshtakiwa alikuwa na haki ya kusimama, kutaja jina lake kamili, na kusikilizwa mpaka mwisho, hata kama chaki iliyoibwa ilikutwa mfukoni mwake. Wengi wenu mulipita mikononi mwake, na ninawaona, nikitaja chaki tu munakaa wima.

Alifunga ndoa na Papa Nicolas, mfanyakazi wa reli ya Ubundu, tarehe 19 Aprili 1975, wakapata Josée, Benie na Lionel, wakacheka pamoja miaka ishirini na mitano, mpaka Juni 2000, majeshi ya wageni yalipopigana siku sita katikati ya mji wetu, na bomu moja likamuua Papa Nicolas uani kwake. Mama alilia sana, jamani, alilia mpaka sauti ikakauka, na alipoulizwa kama anawachukia watu wale, alijibu kwamba bomu analichukia, lakini aliyelitupa bado hajamsikiliza.

Bon, tufike 2011.

Mimi nilishuka mto kutoka Kindu, nikapanda treni Ubundu, nikafika hapa mwezi wa Mei, nikawa kadafi, nikiuza petroli kwa chupa kando ya barabara, na kwa Lingala nilijua maneno mawili tu, mbote na lobi, salamu na kesho. Mwezi wa Agosti vijana wa chini ya avenue, wa familia za mto, na vijana wa juu, sisi wa Maniema, waligombania chemchemi ya maji, mkono wa mutu ukavunjika, mawe yakaruka siku tatu, na Alhamisi tarehe 11, mchana, meseji ikaingia kwenye simu yangu: Lobi tokotinda moto epai na bino. Munacheka, kwa sababu munajua kwamba kwa Lingala moto ni mutu, na kwamba wazee wa chini walikuwa wanatuambia, kesho tutatuma mutu kwenu. Mimi sikucheka, mimi nilisoma kesho, nikasoma moto, na yaliyobaki nikayajaza mwenyewe.

Niliingia kwenye ligablo, pale watu wananunua sukari na sabuni, nikasema nimesikia watu wa chini watatuchoma kesho, nimesikia, basi, wala sikumuonyesha mutu simu yangu. Kufika jioni avenue nzima ilikuwa inajua, na chupa zangu zote za petroli niliwagawia vijana bure, ili tuwatangulie.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Mama alipanda avenue peke yake, parasoli mkononi, kiti chake cha darasani kichwani, maana alijua hatungempa kiti. Vijana walikuwa wamesimama na chupa, mmoja akamuuliza kwa ukali, "Moto iko wapi?" Mama akatua kiti, akaketi, akapanga kitenge chake vizuri, akasema, "Moto ni mimi. Kule chini moto ni mutu. Alors, munangoja mutu na petroli? Mutu akitumwa kwenu, mumupe kiti!" Mama Agathe, muuza mikate, akaangua kicheko, na avenue yote ikamfuata, tukicheka huku tunaficha chupa nyuma ya migongo, kwa sababu kila mmoja alijua ni nani tulitaka kuua asubuhi ile.

Siku hiyo hiyo chemchemi ikapangiwa zamu, na tangu Jumamosi iliyofuata barazani kwa Mama kukawa na masomo, wa Maniema Lingala, wa mto Swahili, na sheria ikawa moja, mwenye shtaka alitoe kwa lugha ya yule anayemshtaki, na ninyi munajua jinsi hasira inavyopungua mutu akitafuta kitenzi. Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote, nikapewa Benie anisaidie kurudia masomo, tukarudia mpaka tarehe 5 Julai 2014, ofisini kwa komine, mbele ya mashahidi, na Mama akacheza mpaka kiatu kikakatika.

Lakini watu waliendelea kuuliza neno lile lilitoka kwa nani, wakamtazama Moïse, mwendesha toleka, ambaye baba yake ni wa Maniema na mama yake wa mto, wakasema huyu anajua lugha zote mbili, alitafsiri vibaya makusudi. Mama alisema kila mara, si Moïse, nao wakadhani anamfunika. Wateja wakamkimbia Moïse, mchumba akamkimbia, na mimi, Idrissa, nilimwona akipita na baiskeli tupu, nikanyamaza.

Meseji ile, wapendwa, Mama ndiye aliyeiandika kwa niaba ya wazee wa chini, akaituma kwa namba moja tu, yangu, kwa kuwa alikuwa mteja wangu. Alijua tangu siku ya kwanza. Kabla ya harusi aliniita, akaniambia, "Jina lako sitalitoa, hata mwenye kosa iko na haki ya kujisemea mwenyewe. Lakini amani yetu imekaa juu ya mugongo wa Moïse, na Moïse anachoka." Nilimwahidi kusema wiki ile, nikala harusi, nikapata watoto, nikawa muoga mwenye familia nzuri.

Neno lilitoka kwangu. Moïse hakutafsiri kitu. Hapa kwenye karatasi nimeandika: tulia, inua macho, watazame.

Kuanzia Novemba 2024 Mama aliugua tension ya damu na figo, akaingia hospitali mara tatu, akiwafundisha wauguzi kutaja majina kamili ya wagonjwa, na tarehe 16 Oktoba 2025, Alhamisi, saa nne asubuhi, alituacha, mkono mmoja kwa Benie, mwingine kwangu, baada ya kuniuliza kama nimeshafanya mazoezi ya kusoma. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, parokia, wazee wa msikiti walioleta maturubai, na majirani wa juu na wa chini waliopika sufuria moja, wakagombana kwa chumvi tu.

Moïse, uko kule nyuma, karibu na baiskeli yako, kama kawaida. Kiti hiki cha mbele ni kile cha darasani, na katika daftari Mama ameandika jina lako kamili, Moïse Lifoli Amisi. Leo mutu aliyetumwa kwako ni mimi, naomba msamaha kwa Swahili, na ukitaka nitarudia kwa Lingala, hata nikikosea, njoo uketi.

Na wewe, Mama, moto wetu, kazi uliyonituma nimeifanya, nimechelewa, lala sasa, pumzika kwa amani.